Mafuta ya mwani: Ushirika wa utafiti usiiache Kayole mikono mitupu

JANUARI 2026, kampuni ya KOKO Networks, iliyokuwa ikiuza ethanoli ya kupikia kwa zaidi ya nyumba milioni 1 nchini, ilifunga shughuli zake. Mashine zake zilizokuwa katika maduka ya rejareja zikanyamaza, na katika mitaa ya Eastlands waliokuwa wamezoea kujaza vyombo vyao kwa kiasi kidogo kidogo wakabaki na mambo matatu ya kuchagua: makaa, mafuta taa, au mtungi mdogo wa gesi kwa anayeumudu.

Ethanoli hiyo haikukosa wanunuzi. Bei yake ya chini ilitegemea mapato ya biashara ya hewa ya kaboni katika masoko ya ng'ambo, na biashara hiyo nayo ilihitaji barua ya idhini kutoka kwa serikali ya Kenya. Barua haikupatikana, hesabu za kampuni zikavunjika, na moto ukazimika katika majiko ya watu ambao hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Kisa hiki kina uhusiano wa karibu na jambo linaloonekana kuwa mbali mno na jiko la Kayole. Kwa zaidi ya miaka 25 sasa, wanasayansi wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakishirikiana kutafuta jinsi ya kutengeneza bayofueli, yaani mafuta yatokanayo na viumbe hai, kwa kutumia viumbe wadogo waitwao sianobakteria. Maziwa ya Bonde la Ufa nchini ni miongoni mwa makao makuu ya viumbe hao duniani. Ni dhahiri basi kwamba kila utafiti wa aina hii unapopamba moto, macho ya wageni hugeukia Nakuru, Bogoria, Elmenteita na Magadi.

Swali ambalo Kenya inapaswa kujiuliza si iwapo utafiti huo ni mzuri. Ni mzuri. Swali ni hili: Kenya inaingia katika ushirika huo ikiwa nani, mtafiti mwenza au mchotaji wa maji ya ziwa?

Viumbe wadogo, sifa kubwa

Sianobakteria ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea. Kwa sababu ya rangi yao ya kijani iliyochanganyika na samawati, watu wengi huwaita mwani. Hao ndio walioanza kuijaza dunia hewa ya oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Ziwa Bogoria na kuona maji mazito ya kijani amewaona kwa macho yake: ni jamii ya Arthrospira, inayouzwa madukani kama chakula cha kuongeza lishe kwa jina la spirulina, na ambayo ndiyo tegemeo la ndege wadogo aina ya heroe, wale flamingo wanaoipa nchi hii sifa katika kadi za posta.

Watafiti wa kawi wanavutiwa nao kwa sababu kadhaa. Hawahitaji shamba la mahindi. Wengine huishi katika maji ya chumvi au ya magadi yasiyofaa kunywewa wala kunyunyizia mimea. Huzaana haraka. Zaidi ya yote, jeni zao ni rahisi kubadilishwa kuliko za mwani wa kawaida.

Mwaka wa 1996, watafiti wa taasisi ya Kazusa nchini Japani walikamilisha kuisoma ramani nzima ya jeni za kiumbe mmoja wa kundi hili aitwaye Synechocystis. Mnamo 1999, Ming-De Deng na John Coleman wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: walikuwa wamepandikiza jeni za bakteria mwingine ndani ya sianobakteria, naye akaanza kutoa ethanoli kutokana na jua, maji na hewa ya kaboni. Hakukuwa na miwa wala mahindi.

Tangu hapo ushirika wa kimataifa ulipanuka. Muungano wa Ulaya ulifadhili mradi wa DEMA kuanzia 2012, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Limerick cha Ireland, kwa lengo la kupata ethanoli moja kwa moja kutoka kwa viumbe hao. Mwaka wa 2015 ukafuata mradi wa Photofuel, uliowahusisha watengenezaji wa magari. Nchini Marekani, kampuni za Algenol na Joule Unlimited zilivuta mamilioni ya dola kwa ahadi kwamba ekari moja ya mabomba yenye viumbe hao ingezaa mafuta mara nyingi kuliko ekari ya mahindi.

Lakini ahadi ni mawingu, mvua ni utekelezaji. Joule ilifunga milango mwaka wa 2017. Algenol iliacha azma ya mafuta na kugeukia bidhaa nyingine za mwani. Kampuni kubwa ya ExxonMobil, iliyotangaza mwaka wa 2009 kuwa huenda ingetumia hadi dola milioni 600 katika utafiti wa mafuta ya mwani, ilikuwa imejiondoa kufikia mapema 2023.

Hesabu ya jua

Kushuka kwa bei ya petroli duniani kuanzia 2014 kulichangia anguko hilo. Hata hivyo, kiini cha tatizo kimo katika hesabu ambayo mkazi yeyote wa Kayole anaweza kuifuata.

Kwanza ni ukali wa kinachotolewa. Kiwanda cha ethanoli kinachotumia molasi ya miwa, kama kile cha Muhoroni, huchachusha mchanganyiko unaofikia kileo cha asilimia 8 au zaidi kabla ya kuukeneka. Maabara zilizofanikiwa sana na sianobakteria zimepata takriban gramu 5 za ethanoli katika lita nzima ya maji, yaani chini ya asilimia 1. Wanaojua kazi ya kukeneka wanafahamu maana yake: kuni nyingi, tone moja. Kawi inayotumika kutenganisha mafuta na maji inaweza kuikaribia ile inayopatikana, au hata kuipita.

Pili ni eneo. Nairobi hupata jua la wastani wa takriban kilowati-saa 5 kwa kila mita mraba kwa siku. Tuseme viumbe hawa wanageuza asilimia 1 ya jua hilo kuwa ethanoli, kiwango ambacho si kibaya kwa kazi ya nje ya maabara. Kila mita mraba itatoa kama lita 3 kwa mwaka. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, kilicho cha kawaida kutoka Masimba hadi Matopeni na Soweto, kina mita mraba 9 na ushei. Paa lake lote likifunikwa na mabomba ya viumbe hawa, litazaa lita zisizofika 30 kwa mwaka mzima. Familia inayotumia lita 1 kwa siku itazimaliza kabla mwezi haujaisha. Ili ipike mwaka mzima, itahitaji mapaa ya vyumba kama 13.

Hesabu hii haisemi kwamba sayansi imeshindwa. Inasema kwamba mafuta haya, yakija, hayatatoka mtaani. Yatatoka mahali penye ardhi tupu, jua kali na maji ya chumvi, na yatahitaji mtaji mkubwa. Kwa Kenya, mahali hapo ni maeneo kama ya Magadi na Turkana. Nako kuna wenyewe.

Tumewahi kuahidiwa

Nchi hii si ngeni kwa ahadi za mafuta ya mimea. Kati ya 1983 na 1993 petroli iliyochanganywa na ethanoli ya molasi iliuzwa nchini, kisha mpango ukafa kwa kukosa faida. Ukaja wakati wa mbono kaburi, ule mmea uitwao jatrofa. Katika muongo wa 2000, wakulima waliambiwa kwamba ungestawi katika ardhi kame bila mbolea na kuwatajirisha. Mwishoni mwa 2009, uchunguzi uliofanywa kwa ushirikiano wa kampuni ya Endelevu Energy, kituo cha kimataifa cha kilimo-misitu, ICRAF, na taasisi ya utafiti wa misitu nchini, KEFRI, uliwatembelea wakulima wenyewe na kukuta mavuno duni mno. Ushauri wake ulikuwa kwamba mmea huo usipandwe kama zao la kutegemewa. Uachwe uwe ua wa shamba.

Ushauri huo ulikuja wakati wawekezaji wameshaanza kugawana ramani. Katika msitu wa Dakatcha, kaunti ya Kilifi, kampuni yenye wamiliki wa Italia ilitaka hekta 50,000. Katika Delta ya Tana, kampuni ya Kanada iitwayo Bedford Biofuels ilipanga kupanda jatrofa katika makumi ya maelfu ya hekta za malisho, kisha ikaanguka mwaka wa 2013. Hali haikuwa tofauti kwa jirani zetu wa Tanzania: mradi wa Sun Biofuels wilayani Kisarawe ulisimama mwaka wa 2011, na wanavijiji waliokuwa wametoa zaidi ya hekta 8,000 wakabaki hawana ardhi wala ajira.

Kilichokosewa katika visa hivi ni mpangilio. Ardhi ilitolewa kwanza, utafiti ukafuata baadaye. Wakati sayansi ilipotamka ukweli, wenye hasara walikuwa wameshatia sahihi.

Hata pale miradi inaposimama imara, ni vyema kuuliza mafuta yanakwenda wapi. Kiwanda cha Eni kilichofunguliwa Makueni mwaka wa 2022 hukamua mbegu za mbarika na nyinginezo, na mafuta yake yalianza kusafirishwa mwaka huohuo hadi mtambo wa Gela, Sicily, nchini Italia. Mei 2023, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam kwa mchanganyiko uliokuwa na bayofueli ya Eni. Lilikuwa tukio la kujivunia. Lakini miezi minne baadaye, Septemba 2023, lita moja ya mafuta taa jijini Nairobi ilivuka Sh200, huku ikibeba ushuru wa Sh18 uliowekwa 2018 ili kuwazuia matapeli wasiyachanganye na dizeli. Kosa la wachanganyaji lililipiwa na mama mwenye kibatari.

Funzo la Bogoria

Kuhusu viumbe wadogo wa maziwa yetu, Kenya ina funzo lililo karibu zaidi. Mnamo 1992, watafiti wakiongozwa na William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli za vijidudu katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Hao hawakuwa sianobakteria bali bakteria wengine wanaostahimili maji makali. Kutoka kwao, kampuni ya Genencor ilipata vimeng'enya vilivyotumika katika sabuni za kufulia na katika kuchakaza nguo za jinzi ili zionekane kukuukuu. Mwaka wa 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza na kudai fidia, likisema nchi haikupata chochote. Kampuni ilishikilia kuwa ilivipata kwa njia halali. Mvutano ukageuka mfano unaotajwa katika vyuo vikuu vya sheria kote duniani.

Kuna waliotajwa kwa nadra katika mvutano huo: jamii ya Endorois, iliyofurushwa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, na uamuzi huo ukatangazwa Februari 2010.

Si kila ushirika ulikwenda mrama. Mwaka wa 2007, KWS ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark uliohusu kugawana mapato na kuwapa Wakenya mafunzo. Katika sianobakteria wenyewe, upo mfano wa kupigiwa makofi. Heroe walipokuwa wakifa kwa maelfu pasipo sababu kujulikana, Lothar Krienitz wa Ujerumani na Kiplagat Kotut wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka wa 2003 utafiti ulioonyesha kuwa sumu ya sianobakteria wa chemchemi za moto za Bogoria ilichangia vifo hivyo. Mkenya hakuwa mbeba chupa katika kazi ile; jina lake limo miongoni mwa waandishi, na swali lililojibiwa lilikuwa swali letu.

Tofauti kati ya kisa cha 1992 na kile cha 2003 haimo katika wema wa wageni. Imo katika kilichobaki nchini baada ya wageni kufunga mizigo.

Sheria ipo, mlango umehamia kwingine

Leo Kenya haiko pale ilipokuwa 1992. Kanuni za mazingira za 2006 zinamtaka kila anayechukua rasilimali za kijenetiki awe na kibali cha NEMA na makubaliano ya kugawana manufaa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 69, inaipa serikali wajibu wa kulinda rasilimali hizo. Mkataba wa Nagoya, ambao Kenya ni mwanachama, ulianza kutumika Oktoba 2014.

Tatizo ni kwamba mlango uliowekewa bawabu si ule unaotumika tena. Mtafiti wa leo hahitaji kubeba chupa ya maji ya Bogoria. Jeni zikishasomwa na kuwekwa katika hazina za data za kimataifa, mtu aliyeko Boston au Shanghai anaweza kuziunda upya katika maabara yake bila kukanyaga Baringo wala kuomba kibali. Mataifa yalilikiri jambo hili katika mkutano wa bayoanuwai wa Desemba 2022, na Februari 2025 Hazina ya Cali ikazinduliwa ili kampuni zinazofaidi data hizo zichangie. Mchango wenyewe, hata hivyo, ni wa hiari.

Isitoshe, rasilimali yenyewe iko hatarini. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu karibu 2010. Chumvi ikipungua, Arthrospira hupungua, na heroe huhama. Nchi isiyo na hazina yake ya kuhifadhi viumbe hawa huenda siku moja ikalazimika kuwaomba kutoka kwa maabara za ng'ambo.

Ruai kabla ya ndoto

Je, Kayole haina nafasi yoyote katika sayansi hii? Ipo, tena iko upande wa mto ushukapo. Majitaka ya sehemu kubwa ya jiji hupitishwa Eastlands hadi mabwawa ya kusafishia ya Ruai, yaliyo miongoni mwa makubwa ya aina yake barani Afrika. Katika mabwawa hayo, mwani, sianobakteria na bakteria wengine hufanya kazi mchana kutwa bila mshahara: hutoa oksijeni inayowezesha uchafu kuoza. Ni maabara iliyo wazi, inayolishwa na vyoo vyetu wenyewe.

Isidhaniwe kwamba mabwawa hayo yanaweza kugeuzwa visima vya ethanoli. Viumbe waliobadilishwa jeni hawawezi kuachiliwa katika maji ya wazi, na Sheria ya Usalama wa Bayolojia ya 2009 inalisimamia hilo. Hata kama ingewezekana, kwa hesabu ile ile ya asilimia 1, kilomita mraba nzima ingetosheleza nyumba kama 8,500, idadi ndogo kwa jiji la mamilioni. Kinachowezekana kwa teknolojia inayojulikana ni kuozesha tope na mwani huo katika matangi yaliyofungwa ili kupata gesi ya kupikia au umeme wa kuendeshea mitambo. Hapo ndipo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake wa Ulaya wangeweza kukutana juu ya tatizo linalonuka, na si juu ya ndoto tu.

Masharti ya mwenyeji

Kwa mintarafu hii, Kenya haina sababu ya kuukataa ushirika wa utafiti wa sianobakteria. Ina sababu ya kuuwekea masharti, na masharti yenyewe yasiwe yale ya zamani ya kusubiri asilimia fulani ya faida, kwani faida ya mafuta haya huenda isije katika maisha ya msomaji wa makala haya.

Mosi, nakala ya kila kiumbe anayechukuliwa na kila data ya jeni inayosomwa ibaki nchini, katika hazina inayosimamiwa na Wakenya. Pili, kila mradi ufundishe watafiti wa humu hadi shahada za uzamifu na kuacha vifaa vinavyofanya kazi. Ujuzi hauwezi kufungwa kama ilivyofungwa Joule. Tatu, ardhi ya jamii isiguswe kabla ya majaribio ya wazi kuonyesha mavuno, ili ya Tana na Kisarawe yasirudiwe Magadi. Nne, mradi wowote unaotangazwa kwa jina la kawi safi kwa maskini uonyeshe bei ya lita itakavyokuwa ruzuku ya hewa ya kaboni ikikatika.

Sharti hili la nne ndilo ambalo halikuulizwa kwa sauti kabla ya Januari 2026. Serikali nayo haina budi kutimiza wajibu wake. Muungano wa Afrika ulishaweka lengo la nchi kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Anayekwenda mezani bila fedha za utafiti wake mwenyewe hualikwa kula alichopika mwingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa maabara wanakuja, na waje. Ila wataalamu wa Wizara ya Kawi, NEMA na vyuo vikuu wanapoandika mkataba mwingine, wakumbuke kuwa mwenyeji si wizara. Mwenyeji ni mchungaji wa Bogoria ambaye ziwa ni lake, na ni mpangaji wa Kayole anayepima mafuta kwa sarafu. Mkataba usiowaponya hao wawili ungekuwa bora usitiwe sahihi.